Gobore la Nkwabi na Ukimya wa Nyamizi

Baruti na kimya havilali nyumba moja. Leo asubuhi mmemsikia mama mmoja akisema hivyo kisimani, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Hayakutoka mbali. Methali hii ilianza hivi.

Msichana wa miaka kumi na minne alitaka kufa, na juu ya kichwa chake, darini, lilikuwepo gobore la baba yake, limeshindiliwa tayari.

Baba huyo aliitwa Nkwabi, mkulima wa mahindi na mwindaji mwenye kibali. Msichana ni Nyamizi, binti yake. Kwao ilikuwa desturi kwamba mahindi yakianza kubeba, mwenye gobore hulishindilia na kulipandisha darini, juu ya jiko, ili moshi ufukuze unyevu. Lilikaa hivyo hadi mavuno, maana nguruwe pori hawapigi hodi. Walisema gobore tupu ni mwiko wa kusongea ugali. Nkwabi aliamini kwamba watoto hawajui lilipo. Hakuwahi kuwauliza.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule, mdogo wake Nyamizi, mtoto wa miaka mitatu aliyeitwa Sita, alikufa kwa malaria. Wazazi walikuwa shambani siku hiyo, na Nyamizi ndiye aliyeachiwa mtoto. Alipoona mwili umechemka alimfuta kwa kitambaa chenye maji, akangoja wazazi warudi. Msibani, mbele ya watu, Nkwabi alimgeukia kwa uchungu akasema, "Na wewe ulikuwa unafanya nini?" Hakulirudia neno hilo. Hakuliondoa pia.

Tangu siku hiyo Nyamizi alinyamaza. Aliteka maji, akafagia uwanja, akapika. Akiulizwa alijibu "ndiyo baba" au "hapana mama", basi. Matonge mawili na ameshiba. Jirani yao Masele akamsifu sana. "Nkwabi, binti yako amekua. Wangu wanapiga kelele kama kanga waliofumaniwa na mbwa. Huyu ana adabu." Nkwabi akatembea kifua mbele. Mkewe, Kabula, alimwambia mara moja, "Baba Nyamizi, mtoto huyu amepungua, na hazungumzi." Nkwabi akamjibu kwamba mtoto asiyezungumza hamkosei mtu.

Mwezi wa tatu akaja Mhoja, dada mkubwa wa Nkwabi, kuwasalimia. Njiani alikutana na rafiki wa Nyamizi, amevaa viatu vipya ambavyo Mhoja mwenyewe alimnunulia Nyamizi. Alipouliza, yule msichana akasema, "Amenipa, shangazi. Anasema hatavihitaji tena."

Mhoja alifika nyumbani kwa mdogo wake, akakataa maji, akakataa kiti.

"Nkwabi, gobore lako liko wapi?"

"Salamu gani hiyo, dada? Liko mahali pake. Hakuna anayepajua."

Nyamizi alikuwa uani akichambua matembele. Mhoja akamwita. "Mwanangu, gobore la baba yako liko wapi?"

Nyamizi hakuinua macho. "Darini, shangazi. Nyuma ya gunia la mbegu. Limeshindiliwa. Jumanne baba aliligeuza upande wa pili."

Hata mke wake hakujua kwamba lilikuwa nyuma ya gunia. Mtoto alijua mpaka siku lilipogeuzwa.

Mhoja akaketi chini, goti kwa goti na yule msichana. "Nyamizi, unawaza kujiua?"

"Dada!" Nkwabi aliruka. "Usimtajie! Kutaja ni kuita! Utamtia jambo ambalo hanalo!"

"Nyamaza wewe. Swali halijamuua mtu. Mwache anijibu."

Majani ya matembele yalimponyoka Nyamizi mkononi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo. Kila siku. Mimi ndiye niliyemuua Sita."

Kabula alitoka jikoni mbio akamkumbatia, na hapo ndipo msichana alipolia, mara ya kwanza tangu mazishi. Alilia hadi akakohoa. Nkwabi alisimama kama gogo. Mhoja akamtazama. "Unangoja nini? Neno lile ni lako. Liondoe."

Nkwabi akapiga magoti kwenye vumbi. Hakuwa mtu wa maneno. "Binti yangu, nilisema uongo. Sita ameuawa na homa. Hata ningekuwepo mimi, ningefanya ulivyofanya wewe. Nisamehe."

Mhoja hakuwapa nafasi ya kupumzika. "Sasa lishushe hilo dude. Leo hii. Usilipeleke kwenye dari la jirani, peleka kituo cha polisi wakalifungie, na baruti yake."

"Na nguruwe, dada? Mahindi ndiyo haya yanabeba."

"Na wayale."

Nkwabi alilishusha, akatoa kilichokuwa ndani, akatembea saa tatu hadi kituoni. Siku ya pili yake alimpakia Nyamizi kwenye baiskeli wakaenda hospitali ya wilaya. Muuguzi wa huko alimsikiliza msichana peke yake kwanza, kisha akawaambia wazazi wasimwache mwenyewe siku hizo, mama alale naye, na wamuulize waziwazi anavyojisikia, wala wasiogope jibu. Kisha warudi wiki ijayo. Wakarudi, na wiki iliyofuata tena.

Shambani Nkwabi alilinda kwa kupiga debe. Nguruwe walilizoea debe siku ya tatu. Masele alikufa kwa kicheko. "Mwindaji mzima unawapigia nguruwe ngoma! Wamenituma nikuulize, kesho utawachezea nini?"

Nkwabi hakucheka. "Masele, baruti na kimya havilali nyumba moja. Mimi nilikuwa navyo vyote viwili, na wewe ukanisifia." Akamsimulia yote. Masele aliingia kwake bila kuaga. Kesho yake alionekana akielekea kituoni, gobore begani, na nyuma yake watu wawili wamebeba magobore yao.

Mwezi wa sita, mchana mmoja, Nkwabi aliwasikia Nyamizi na mama yake wakigombana jikoni kwa sababu ya chumvi. Nyamizi alipandisha sauti, akasema yeye si mtumwa wa mtu, na kama mchuzi haufai wapike wenyewe. Nkwabi alikaa juu ya kinu uani, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuingia kuamua ugomvi.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Ekari moja na nusu ililiwa na nguruwe, magunia kumi na manne hayakuonekana. Safari kumi na moja za hospitali kwa baiskeli. Mbuzi wawili walikwenda kwenye dawa na nauli za siku za mvua. Baba mmoja alipiga magoti mbele ya mtoto wake. Na tangu mwezi wa kumi hadi mwezi wa pili nyumba ile ilikula mihogo, asubuhi mihogo, jioni mihogo, watu watatu, Nyamizi akiwa mmoja wao.

Baruti na kimya havilali nyumba moja.