Nani Apewe Tamaru ya Mwakatobe?

Sogeeni, nina kisa. Nitawapa mwanzo wake na katikati yake. Mwisho mtautoa ninyi, na najua mtagombana.

Katika kijiji cha Ikubo, huko milima ya Busokelo ambako udongo haupati nafasi ya kukauka, aliishi mjane aitwaye Enesi, mke wa marehemu Asangalwisye Mwakatobe. Alikuwa na watoto watatu, watu wazima, kila mmoja na kipaji chake. Ambakisye, kifungua mimba, alikuwa na mkono wa biashara. Viazi alivyovigusa yeye vilinunuliwa hata siku soko limelala. Lugano, kitinda mimba, alikuwa dereva. Akikaa kwenye usukani utadhani gari na yeye walizaliwa pamoja. Wa katikati alikuwa Tusekile, na kipaji chake kilikuwa kushikilia. Jambo likiingia moyoni mwake halitoki, na kitu kikiingia mkononi mwake hakianguki.

Marehemu aliwaachia pikapu moja kuukuu ya Kijapani, Tamaru, rangi ya majani makavu.

Mzee Mwakatobe aliipenda pikapu ile kuliko watu wengi. Kila mgeni aliyekaribishwa chai alipewa na habari za kiwanda chake: jinsi Bwana Tamaru alivyoanza kwa kuunda mashine za kukoboa mpunga katika banda la uani, jinsi vita vilivyoliteketeza banda lile, jinsi alivyoanza upya kwa mabati ya kuokota, na jinsi gari lake la kwanza lilivyokuwa na magurudumu matatu na watu wakalicheka. Mzee hakuwahi kuiona Japani. Lakini alisimulia kama anayesimulia habari za babu yake mzaa baba.

Tusekile aliichukia hadithi ile. Mwaka pikapu ilipoletwa nyumbani ndio mwaka aliochaguliwa kwenda sekondari. Baba aliuza shamba la chai lililotengwa kwa masomo yake, akanunua gari, akamwambia binti yake atasoma mwakani. Mwakani gari likataka matairi. Mwaka uliofuata likataka springi. Baadaye hakuna aliyetaja tena habari za shule, na Tusekile akawa mtu wa kuosha matope ya pikapu kila Jumamosi.

Lugano naye aliichukia kwa sababu yake. Alipokuwa kijana alimwendesha baba kutoka mnadani, na kwenye mteremko wa Mwalisi gari likawatoka likaingia shambani. Baba alivunjika mguu, akachechemea hadi alipokufa. Lugano alisema breki zilikata. Baba alisema Tamaru haijawahi kukata breki, aliyekosa ni kijana, na alichokosa ni akili. Fundi alipoikagua, breki zilishika vizuri. Tangu siku hiyo Lugano hakuruhusiwa kuugusa usukani ule. Akaondoka kwenda Kyela kuendesha malori ya mchanga ya watu wengine, na kila alipoiona nembo ya Tamaru alitema mate.

Ambakisye peke yake ndiye aliyezisifu Tamaru, ila si ile kuukuu. Alijinunulia jipya, jeupe, lenye kioo cha ramani na viti vya ngozi. Wazee wa kijiji walilizunguka wakatikisa vichwa. Walisema tangu wajukuu wa Bwana Tamaru wauze kiwanda kwa matajiri, bati limekuwa kama karatasi. Vijana wakajibu kwamba wazee wanasifu magari yanayokunywa mafuta kama ng'ombe na kumwacha mtu na maumivu ya kiuno. Mabishano hayo hayakuisha Ikubo, na hayajaisha mpaka leo.

Kabla ya kukata roho, mzee alitoa neno moja kuhusu pikapu. Isigawanywe. Mama atampa mtoto mmoja, siku atakapoona kwamba anastahili.

Basi mzee alipozikwa, wanunuzi wa chuma chakavu walifika. Ambakisye alikubaliana nao, na Lugano akatuma salamu kutoka Kyela kwamba yeye angeipeleka bure. Tusekile alitoka jikoni na panga lake la migomba, akasimama mbele ya pikapu.

"Hili gari ni shule yangu," alisema. "Hakuna mtu atakayeipima shule yangu kwa kilo."

Wanunuzi wakaondoka. Tangu hapo, kila Jumamosi, Tusekile alifunua boneti, akamimina oili, akaingiza chuma cha kuzungushia injini na kuizungusha kwa mikono ili isishike kutu. Matairi yalikuwa yameoza, betri ilikwisha kufa, gari limekaa juu ya mawe, na yeye anazungusha. Hakuzungusha kwa mapenzi. Alizungusha kama mtu anayemkaba adui asimponyoke, mpaka malengelenge yakapasuka viganjani. Wanawake walinong'ona kwamba ukosefu wa mume umempanda kichwani. Ambakisye alimcheka mbele ya wakwe zake, akamwita mke wa marehemu gari. Tusekile alilisikia neno hilo, akaliweka moyoni.

Ikaja mvua ya mwaka ule ambayo watu wa Busokelo hawataisahau. Watoto wote watatu walikuwa wamekuja nyumbani kwa ajili ya kumbukumbu ya baba yao, wakikaa kila mmoja kwenye kona yake, hawasemeshani. Asubuhi mama yao akashikwa na tumbo. Kufikia saa sita alikuwa anatapika kitu cha kijani, na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Muuguzi wa zahanati alimpapasa akasema utumbo umejisokota. Bila kupasuliwa kabla ya jioni, mama hatapona.

Gari la wagonjwa lilishindwa kupandisha. Mafuriko yalikuwa yameichimba barabara, yakaacha mawe makubwa kama vyungu vya pombe. Kumbeba kwa machela kungechukua siku nzima. Gari jeupe la Ambakisye lilikuwa pale uani, tumbo lake liko chini, na kila mtu aliona kwamba lisingevuka hata mtaro wa kanisani.

Watatu wale wakatazamana. Kisha wote waligeuka kuitazama pikapu.

Sasa sikilizeni alichokifanya kila mmoja, kwa maana hapo ndipo ugomvi ulipo.

Tusekile alifunua boneti. Kama angeiachia injini hata msimu mmoja wa mvua, ingekuwa imegandamana na kuwa tofali la chuma. Aliingiza kile chuma akazungusha, na injini ikazunguka laini. Lugano, aliyekuwa amekuja kucheka, hakucheka.

Ambakisye alitazama mawe yaliyoibeba pikapu, kisha akalitazama gari lake. Kiwanda cha Tamaru kilikuwa kimebadili mambo mengi, lakini nafasi za boliti za magurudumu kilikuwa kimeziacha vilevile kama za zamani. Wakati huohuo majirani walimwita kwa haraka. Ukingo wa mlima juu ya ua ulikuwa umepasuka ufa, udongo unateleza, aliondoe gari lake. Ambakisye alikuwa na funguo mfukoni. Aliutazama ule ufa, akaona kulihamisha gari kwanza kungekula muda wa mama, akapiga magoti kwenye matope, akaanza kulegeza nati. Alitoa magurudumu yote manne, akatoa betri, akanyonya dizeli kwa mdomo wake. Mama alipopakiwa kwenye pikapu, gari jeupe lilibaki juu ya mawe, halina pa kwenda.

Lugano alibaki mlangoni mwa pikapu, mkono kwenye kitasa. Yeye peke yake ndiye angeweza kuipitisha pikapu kwenye njia ile. Yeye peke yake, katika wote waliokuwepo, aliamini kwa moyo wake wote kwamba gari lile lilikuwa muuaji. Akaingia.

Ambakisye alipanda nyuma na koleo. Tusekile alikaa mbele, amempakata mama yake, amemfunika kwa mablanketi. Walikwenda wakipanda juu ya mawe na kuangukia mashimoni, mpaka walipoanza kuushuka mteremko wa Mwalisi. Hapo Lugano akakanyaga breki mara moja, akakanyaga tena.

"Dada, hakuna kitu," alisema polepole. "Kama siku ile."

Tusekile alimwona uso. Ulikuwa na woga, lakini chini ya woga ulikuwa na hasira ya mtu aliyeitwa mwongo tangu ujana wake. Lugano alishusha gia mpaka injini ikalia. Akaisukumia pikapu kwenye ukuta wa mlima, ikawa inasuguana na udongo na mizizi ili mwendo upungue. Gurudumu la mbele liligonga jiwe na usukani ukazunguka kwa nguvu ukamrudi. Tusekile alisikia mfupa wa mkono wa ndugu yake ukivunjika. Lugano aliuma mdomo, akaendelea kwa mkono mmoja, wakafika bondeni, wakavuka kijito maji yakiingia milangoni, wakapandisha ng'ambo. Hospitalini, daktari aliyempasua mama alisema kwamba wangechelewa kidogo tu, wangekuwa wameleta maiti.

Jioni ile habari zilifika kutoka nyumbani. Ule mlima ulikuwa umeshuka. Gari la Ambakisye lilikuwa chini ya udongo, limebanwa kama kopo.

Mama alipona. Na kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na kisa. Lakini kisa cha pikapu kilisafiri, na wakala wa Tamaru akaja kutoka Mbeya, mtu mwenye viatu vyeupe visivyofaa kwa Ikubo. Alisema kiwanda kinaadhimisha kuzaliwa kwake na kinatafuta magari ya zamani ambayo bado yanatembea. Pikapu ichukuliwe ikawekwe kwenye maonyesho, na mwenyewe apewe gari jipya la milimani, lenye tumbo la juu na nguvu ya magurudumu manne. Akaanza kusimulia habari za Bwana Tamaru na banda la mpunga. Lugano akamkatiza akamwuliza kama kwenye maonyesho hayo wataandika pia kwamba breki zake hukata. Wakala akacheka, akasema Tamaru haina historia ya kukata breki. Ambakisye ndiye aliyemzuia Lugano asimpige, kwa kumshika kiunoni, maana mkono mmoja wa Lugano ulikuwa kwenye plasta lakini mwingine ulikuwa mzima.

Wakala alitaka jina moja tu la mmiliki. Ndipo mama alipowaita watoto wake uani, mbele ya majirani, ili neno la marehemu litimizwe.

Ambakisye alisema yeye ndiye pekee aliyetoka katika jambo hili akiwa hana kitu. Alilitoa gari lake macho yakiwa wazi, ufa anauona, funguo anazo. Wenzake hawakuwa na gari la kupoteza.

Lugano alisema bila yeye, injini nzuri na magurudumu mapya vingemfikisha mama korongoni. Alimtazama kaka yake, akamtazama mama yake. Alisema waliishi miaka yote wakimwita mvunja mguu wa baba, na siku walipohitaji mtu wa kufa ndipo walipomkumbuka.

Tusekile alikuwa amejiandaa kusema kwa utulivu. Hakuweza.

"Ninyi mlitoa siku moja," alisema. "Mimi nilitolewa mimi mwenyewe. Gari lilinunuliwa kwa masomo yangu, na nyote mkapanda mkaenda mnadani. Mlipotaka kuliuza kama chuma nilisimama na panga. Nilipolizungusha mliniita mke wa gari. Ningewasikiliza ninyi wawili, siku ile mama angekufa hapo kitandani, na magurudumu yako, kaka, yasingekuwa na gari la kubeba, na mikono yako, Lugano, isingekuwa na cha kushika."

Ambakisye aliinamisha uso, kisha akauinua kwa ukali. Alisema lile neno la mke wa gari anaomba radhi, lakini radhi haimfukulii gari lake. Lugano akasema yeye hajawahi kuombwa radhi na mtu yeyote. Majirani wakagawanyika. Wenye Tamaru za zamani walimtetea Tusekile, wenye mpya wakamtetea Ambakisye, na wale ambao Tamaru iliwahi kuwalaza njiani walisimama nyuma ya Lugano, sauti zikapanda mpaka wakala akarudi nyuma kwenye dimbwi na viatu vyake vyeupe.

Mama Enesi aliwaacha wapige kelele. Kovu lilikuwa bado linamuuma, alilishika kwa mkono wa kushoto. Kisha naye akakasirika, na hasira yake ilikuwa kimya kuliko za wote. Alisema hao watatu walikuwa hawasalimiani mpaka utumbo wake ulipojisokota, na sasa hawasalimiani tena kwa sababu amepona. Alisema angekuwa na uwezo angekipasua kile chuma vipande vitatu kwa shoka. Lakini marehemu alikataza kugawanya, na wakala anataka jina moja, na gari jipya haliwezi kukaa uani bila mwenyewe.

Tusekile alimtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza akajua kwamba gari jipya halimtamanishi. Alichotaka ni kumsikia mama akitamka, mbele ya kijiji kizima, kwamba kitu chake kilichukuliwa. Aliwatazama ndugu zake. Mmoja alitaka itamkwe kwamba alitoa. Mwingine alitaka itamkwe kwamba hakusema uongo. Na jina lilikuwa moja.

Mama akafungua kinywa ataje.

Mimi naishia hapo. Tusekile aliilinda injini na kulipa kwa ujana wake, Ambakisye alitoa magurudumu na kulipa kwa mali yake, Lugano aliendesha na kulipa kwa mfupa wake. Ondoa mmoja, na mama hayupo. Haya, wewe uliyekaa hapo na wewe unayenikunjia uso: ungekuwa Enesi, ungelitaja jina la nani? Na wale wawili waliobaki ungewaambia nini?