Mzigo Usio na Mpokeaji

"Kufunguliwa si kupokewa." Mmeisikia sokoni leo, mkaja mbio kuniuliza. Haya, kaeni. Methali hii ilianzia huku huku kwetu milimani, na ilianza hivi.

Kijana Shebughe aliiba mbuzi, akapelekwa shule ya maadilisho. Huko akajifunza useremala, akingoja siku ya kurudi kwa mjomba wake, Mzee Kaoneka, aliyemlea tangu wazazi wake wafariki.

Siku ilipofika, akapanda mlima na kifurushi chake. Nanyi mnajua desturi yetu: mtu akitoka safari, wa kwanza kukutana naye humpokea mzigo, hata ukiwa mfuko wa chumvi. Mgeni akiubeba mwenyewe mpaka mlangoni, aibu ni ya kijiji kizima. Basi Shebughe akapita sokoni, akapita kisimani. Watu waliitikia salamu, mikono nyuma. Mama mmoja akaanza kuanua nguo kambani, tena mbichi zinachuruzika maji! Mjomba naye akafungua mlango, akasema, "Utalala jikoni," akaingia zake ndani. Jamani, upweke ule! Kijana wa watu alikalia kifurushi chake, akalia.

Waliompokea ni wale wale aliokuwa akiiba nao. "Lete mzigo, ndugu yetu! Umekula?" Mwezi haukuisha, akaiba nao tena, akakamatwa, akarudishwa shule ile ile.

Safari hii afisa ustawi wa jamii, Bi Mwanahiba, hakumwuliza kwa nini aliiba. Alimwuliza, "Ulipotoka, nani alikupokea?" Shebughe akamweleza yote. Bi Mwanahiba akamtafutia nafasi ya kazi, akitoka, kwa fundi seremala wa kijijini, kisha akaenda kwa mjomba.

"Mimi nilimfungulia mlango," mzee akafoka. "Alitaka apigiwe ngoma?"

"Ulimfungulia, baba. Hata serikali ilimfungulia. Lakini kufunguliwa si kupokewa."

Mzee akashusha sauti. "Niliogopa maneno ya majirani," akasema.

Shebughe alipotoka mara ya pili, alimkuta mjomba kwenye geti la shule, amevaa kanzu yake ya Idi. Mzee akatwaa kifurushi, akakiweka begani, wakapita katikati ya soko. Muuza nyama hakujizuia. "Mzee Kaoneka, na akiiba tena?"

"Njooni mniite mimi. Huyu ana kwao."

Shebughe alikuwa nyuma yake, akasikia. Hapo ndipo alipojua kwamba amerudi nyumbani. Basi mkisikia watu wakisema, mjue wanasema nini: kufunguliwa si kupokewa.