Vibao Vyeupe Juu ya Bweni

Nimetumiwa hii na mtu ninayemheshimu, nami nakutumia wewe. Isome mpaka mwisho ndipo uisambaze, maana tabia yako naijua.

Kulikuwa na chuo cha ualimu huko milimani. Juu ya bweni la wasichana palikuwa na mteremko uliokwisha miti, na kila masika udongo ulizidi kusogea chini. Ukuta wa bweni ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono.

Usidhani chuo kilikaa kimya. Kila mwaka kilialika mgeni rasmi apande mti pale mteremkoni. Mche ukishapandwa, pembeni kilichomekwa kibao cheupe chenye jina la mgeni na tarehe. Watu walipiga makofi, wakapiga picha, wakala pilau. Kumwagilia? Nani akumbuke kumwagilia akiwa ameshiba!

Mwaka huo alialikwa Mama Nakijwa, kiongozi mmoja mstaafu, akaambiwa tu kuna sherehe. Alifika asubuhi, wenyeji wake hawajajiandaa, ukungu bado mzito. Akapanda mteremko peke yake.

Akaona kibao cheupe. Jina na tarehe. Akaona kingine, na kingine, vimepangwa mstari mmoja. Baadhi ya majina aliyajua. Moja lilikuwa la rafiki yake, aliyezungumza naye kwa simu wiki ileile.

Mwisho wa mstari akakuta shimo limechimbwa, udongo wake bado mbichi. Pembeni kuna kibao kipya: NAKIJWA MGONJA. Tarehe ilikuwa ya siku ile.

Mkuu wa chuo, Mwalimu Mbelwa, alimkuta amesimama hapo akilikodolea macho lile shimo.

"Shikamoo, mama. Mbona hukutuambia umefika?"

"Marahaba. Mwalimu, hawa watu mmewazika lini?"

Mkuu akacheka. "Hapana, mama! Hiyo ni miti."

"Miti iko wapi?"

Ukungu ulikuwa unaondoka. Mkuu akageuka kuangalia, na kicheko kikamwishia. Mteremko mzima ulikuwa vibao tu, na kando ya kila kimoja kijiti kikavu.

Jiwe likang'oka, likabingirika, likagonga bati la bweni kwa kishindo. Ndani hakuna aliyepiga kelele. Msichana mmoja, Mwanaidi, akatoka na mswaki mdomoni.

"Hukushtuka, mwanangu? Jina lako nani?" Mama Nakijwa akamuuliza.

"Mwanaidi, bibi. Tumezoea, huwa yanadondoka."

Nakwambia kweli, hapo mwili ulinisisimka.

Mama Nakijwa akaking'oa kibao chenye jina lake, akakigeuza upande usio na maandishi, akampa Mkuu pamoja na kalamu.

"Mimi jioni naondoka, mti huu si wangu. Andika jina la anayelala chini yake. Andika Mwanaidi, na tarehe ya leo."

Mkuu akashika kalamu. Akamtazama msichana, akalitazama lile shimo. Mkono ukagoma.

"Siwezi, mama. Mtoto yu hai."

"Basi kachukue ndoo."

Sherehe haikufanyika. Vibao viling'olewa vyote, na tangu siku ile Mkuu na wanafunzi wake wakawa wanapanda miche na kuimwagilia kwa zamu. Leo mteremko una kivuli na mawe yametulia. Kibao kile kipo ofisini, upande usioandikwa ukitazama mlangoni. Mkuu hapendi kukiangalia, lakini hakuna anayeruhusiwa kukiondoa.

Funzo: Mti uliopandwa ukaachwa ufe haumlindi mtu. Kabla hujapiga picha na mche, jiulize nani ataumwagilia kesho, na nani analala chini ya mlima.