Kodi Ina Milango Miwili

Kodi ina milango miwili. Kauli hiyo mmeisikia asubuhi kwa karani wa mizani, mkacheka, mkaja kuniuliza ilikotoka. Haikutoka mbali, vijana wangu. Ilizaliwa hapahapa Kwembago, kwenye kiwanda chetu cha mkonge, nami nilikuwapo, tena upande ulioshindwa. Ilikuwa hivi.

Wakati huo kampuni yetu ilikuwa na wenye hisa mia nne na kumi na wawili, wote wakulima wa hapa. Korona, ile mashine inayomenya jani la mkonge zikabaki singa, yaani nyuzi zake, tulikuwa nayo moja tu, tuliyoirithi kwa wazungu wa shamba. Mimi nilikuwa fundi wake kwa miaka thelathini na mmoja. Beringi ikianza kuchoka, niliisikia nikiwa bado njiani. Lakini mwaka ule ilisimama mara kumi na nne. Jani la mkonge halisubiri. Likishakatwa likakaa siku mbili tatu, limeharibika. Watu walikata, wakabeba, kisha wakatazama jasho lao likioza kwenye marundo.

Mwenyekiti wetu, Mzee Shekiondo, akaleta bei ya korona mpya: milioni mia mbili. Hiyo ilikuwa akiba yetu yote ya miaka tisa. Akaitisha mkutano kwenye ghala la marobota.

"Mashine hii itatuokolea milioni hamsini kila mwaka," alisema, "za dizeli, za vipuri na za singa zinazopotea. Kwa miaka minane ya uhai wake ni milioni mia nne. Kuna la kujadili hapo?"

Watu wakapiga makofi. Mimi nikasimama.

"Lipo. Ile ya zamani ilishajilipa kabla wengine humu hawajaota ndevu. Mkiimaliza akiba, mvua ikikosekana mtatafuna vyuma?"

Nusu ya ghala wakanipigia makofi mimi. Ukazuka ugomvi, ndugu kwa ndugu, hata mwenyekiti akashindwa kuutuliza.

Ndipo Zaina Mhina alipokwenda kwenye ubao wa kuandikia uzito wa marobota, akafuta, akashika chaki. Zaina alikuwa mhasibu wetu, hajafika hata miaka thelathini. Baba yake, Mhina, alimsomesha kwa kukata mkonge. Siku ile mzee huyo alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Shikamooni, wazee wangu. Mwenyekiti amehesabu kinachookolewa, hakuhesabu kinachobaki. Tukiokoa hamsini, faida yetu inapanda kwa hamsini, na serikali ina asilimia thelathini yake. Zinabaki thelathini na tano."

Akaziandika ubaoni, akaendelea.

"Ile ya zamani tukiiuza chuma chakavu tutapata kumi. Vitabuni thamani yake ilishakwisha, kwa hiyo zote kumi ni faida, na tatu ni za kodi. Zinabaki saba. Basi mpya itatugharimu mia moja tisini na tatu. Tena shilingi ya mwaka wa nane si sawa na ya leo, maana akiba yetu ilipo sasa inazaa asilimia kumi na mbili kwa mwaka. Nikizirudisha zile thelathini na tano za kila mwaka kwenye thamani ya leo, miaka yote minane inanipa mia moja sabini na nne."

"Tutoe mia moja tisini na tatu tupate mia moja sabini na nne?" nikadakia. "Basi! Hesabu imesema. Twendeni zetu."

Nikavaa kofia. Wenzangu wakainuka nyuma yangu, vifua mbele.

"Baba Semkiwa, kaa kidogo," akasema Zaina. "Kodi ina milango miwili. Nimewaonyesha ule inaoingilia kuchukua. Upo na ule inaotokea ikituachia kitu."

Nikakaa.

"Mashine mpya itachakaa. Sheria inaturuhusu kuutoa uchakavu huo kwenye faida kabla hatujatozwa. Mia mbili kwa miaka minane ni ishirini na tano kila mwaka. Asilimia thelathini yake, milioni saba na nusu, hatutazilipa. Ya zamani haina hilo tena. Thelathini na tano tukiongeza saba na nusu ni arobaini na mbili na nusu. Kwa thamani ya leo, miaka minane inatupa mia mbili na kumi na moja. Tumeivuka ile mia moja tisini na tatu kwa milioni kumi na nane."

"Na ile hamsini ya mwenyekiti isipofika?" nikamuuliza.

"Ikishuka chini ya arobaini na tano, tumepata hasara. Nami nitakuwa wa kwanza kuja kukwambia."

Hapo ndipo aliponishinda. Mtu anayetaka tu kuuza maneno yake hakuonyeshi mahali yanapovunjikia. Nikasimama tena.

"Inunuliwe. Na ile kuukuu nitaifungua mwenyewe, nati kwa nati. Asiiguse mtu mwingine."

Mikono ikainuka ghala zima. Watu walipotoka, Mhina alibaki. Hakujua kusoma, lakini alisimama mbele ya ubao akazitazama namba za mwanawe muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kuufuta hadi Jumatatu.

Mwaka wa kwanza tuliokoa hamsini na tatu. Kodi tulilipa yote, bila kuficha hata senti, na ile saba na nusu ya haki yetu tuliichukua. Watu wa mashamba ya jirani wakaja na madaftari yao kumtafuta binti wa mkata mkonge. Hatukumwita mtaalamu wa mjini atuamulie. Tuliamua wenyewe, na hilo natembea nalo kifua mbele mpaka leo.

Kwa hiyo mtu akiwaletea hesabu ya shangwe, mwulizeni kama kodi imeshaingia kuchukua chake. Akiwaletea hesabu ya kuvunja moyo, msivae kofia haraka kama mimi. Mwulizeni imeacha nini ilipotoka. Kodi ina milango miwili.