Ghala la Ngelani na Mkono wa Shemeji

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa ghala, ghala la mtama, mtama wa wengi.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakilima, watu wa Ngelani walikuwa na ghala moja. Kila nyumba ilitia vikapu vyake wakati wa mavuno, ili mvua ikirudi wote wapate mbegu. Nungunungu alilitunza. Kanga alilikagua. Kila mwezi ulipoandama, Kanga aliingia, akachimba mpaka sakafuni, akatoka na punje za chini kabisa, akazimwaga uwanjani mchana kweupe, kila mmoja ajionee.

Wakubwa wakamchoka. "Kanga ana mdomo," walisema. "Akiona punje moja imetobolewa, kijiji kizima hakilali."

Wakamwondoa, wakamweka Ngiri. Ngiri alikuwa amemwoa dada yake Nungunungu. Hakuna aliyeuliza.

Mwezi ukaandama. Nungunungu akasimama mlangoni. "Karibu, shemeji. Utachimba?"

"Nichimbe kwako, kama mtu anayekushuku? Dada yako atanipikia nini leo?"

Wakacheka. Ngiri akachota punje za juu, akatoka akatangaza: "Ghala limejaa, mtama ni mzima!"

Watu wakaitikia: "Tumesikia!"

Mwezi wa pili, akachota za juu. "Ghala limejaa, mtama ni mzima!" Tumesikia. Mwezi wa tatu, akachota za juu. "Ghala limejaa, mtama ni mzima!" Tumesikia.

Lakini Nungunungu alijua. Paa lilikuwa limevuja upande wa nyuma, maji yakateremka ukutani mpaka chini, mtama ukaoza. Hakuiba hata punje. Aliona aibu tu. Mwezi wa kwanza alisema moyoni, nitawaambia mwezi ujao. Mwezi uliofuata, neno lilikuwa zito zaidi.

Basi alikuwako Mama Digidigi, mjane mwenye watoto wawili. Nyumbani kwake hapakuwa na chakula ila mtungi mmoja wa asali. Akaenda kwa Nungunungu.

"Kaka, nionyeshe mbegu yangu."

"Ee mama, huniamini? Si mkaguzi amekwisha sema?"

Akaenda kwa Ngiri. "Baba Ngiri, uliuona mtama?"

"Niliuona."

"Wa chini uliuona?"

Ngiri akatazama kwato zake. "Niliona wa kutosha."

"Sikuulizi kwa ubishi. Watu wa bonde la pili wanatoa mbegu kwa asali. Wanangu wanalia njaa, na asali ninawanyima. Niambie kweli leo, nitawahi kubadilisha."

"Walishe wanao, mama. Ghala limejaa."

Mama Digidigi akarudi nyumbani, akafungua mtungi. Watoto wakala, wakalamba vidole, mpaka ukaisha.

Mvua ikaja. Watu wakaja na vikapu. Mtama mzima ulikuwa wa kina cha kiganja. Chini yake ulikuwa mweusi, umegandamana, unanuka. Kila nyumba ikapata konzi moja.

Nungunungu akapiga magoti. "Sikuiba! Wallahi, sikuiba!"

"Najua hukuiba," akasema Mama Digidigi. "Ungekuwa mwizi, ningekutukana nikaenda zangu. Lakini ungesema mwezi ule wa kwanza, au wa pili, au hata wa tatu, asali yangu ilikuwa bado ipo."

Ngiri hakuinua uso. Hakuna aliyemcheka.

Wanyama wakakaa siku tatu wakitunga sheria. Atunzaye asijikague. Akaguaye asitoke katika nyumba ya atunzaye, wala asiwe mkwe wala shemeji yake. Punje za chini zimwagwe uwanjani, na yeyote mwenye kikapu ghalani aruhusiwe kuingia, kuuliza na kujibiwa. Wakamfuata Kanga, wakamwomba radhi, akarudi kazini.

Siku ya nne sheria ikatangazwa mbele ya Ngelani yote. Watu wakaitikia: "Tumesikia!" Wote waliitikia, isipokuwa watatu. Konzi moja haijazi shamba. Mama Digidigi alikuwa ameondoka alfajiri na wanawe wawili, na mlango wake aliuacha wazi, kwani ndani hamkuwa na kitu cha kuibwa.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipokomea. Nimeisema kama nilivyoipokea.