Mawe ya Kwenye Kona

Kaeni, wapendwa. Kwaya, asanteni, na ninyi kaeni. Leo sitamwambia mtu amgeukie jirani yake na kumwambia lolote. Kila mmoja atakaa na nafsi yake, na jirani yako umwache apumzike.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa na pikapu ya petroli. Aliipenda kupita kiasi. Jumamosi aliiosha, na Jumapili asubuhi aliifuta tena vumbi lililoingia usiku, ndiyo maana ibadani alikuwa anaingia wakati wa matangazo. Msicheke, wenzake wapo hapa.

Kazi aliyoitaka huyu mtu ilikuwa kuvuta karavani. Mmeziona hizo karavani zikipita kwenda kule juu kwenye kambi ya watalii: vinyumba vya bati jeupe vyenye magurudumu, ndani kuna kitanda, jiko, hata choo. Vinafungwa nyuma ya gari kwa chuma, gari linatangulia, nyumba inafuata. Mzee mmoja wa kanisa alipoziona mara ya kwanza aliniuliza, "Mchungaji, hawa wageni wanatembea au wanahama?"

Sasa, madereva wenye magari ya dizeli walimcheka. Walimwambia petroli ni ya kukimbilia mjini, kuvuta nyumba mlimani ni kazi ya dizeli. Maneno hayo yalimuuma. Akaenda kwa mama mwenye kambi, akambembeleza.

"Mama, nipe karavani moja tu, uone."

"Ule mlima unaujua wewe?"

"Mlima ndio unanijua mimi, mama."

Yule mama akacheka, akamwambia, "Haya. Kuna moja iko bondeni, na wageni wake wanafika leo mchana. Ukiwahi, kazi zangu zote ni zako. Ukichelewa, usinisumbue tena."

Mtu wetu akaifunga karavani nyuma, akaondoka asubuhi ile ile. Na kweli, mwanzo alikwenda vizuri. Lakini mlima ni mlima. Pikapu ya petroli ikibeba mzigo mzito inataka iungurume sana ndipo ipate nguvu, na ikiunguruma sana inapata joto. Akashuka gia, akashuka tena. Mshale wa joto ukawa unapanda pamoja naye. Alipofika kwenye ile kona mbaya, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde, gari likachemsha. Moshi mweupe boneti nzima. Likazimika.

Akavuta hendibreki mpaka mwisho. Haikutosha. Karavani ikaanza kuivuta pikapu kurudi nyuma, taratibu, kama ng'ombe aliyekataa zizi. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, akaita jina la Bwana. Hapo hata wale wa matangazo wanasali.

Nyuma yake alikuwa anakuja mtu wa maziwa. Alikuwa anasukuma baiskeli yake kupanda mlima, madumu matupu yamefungwa nyuma, anakwenda kukusanya maziwa kwa wafugaji wa juu ili ayashushe bondeni. Alipoona nyumba inamrudia, angeweza kukimbia. Mimi na wewe tungekimbia. Yeye aliitupa baiskeli, akabeba jiwe kubwa kutoka ukingoni, akalisukuma nyuma ya tairi la karavani huku tairi linamjia mikononi. Likakamata. Akaleta la pili, akaleta la tatu la pikapu. Gari likatulia.

Dereva akashuka. Hawakujuana, lakini mtu wa maziwa alikuwa na maji yake ya kunywa kwenye kidumu kidogo. Akayatoa yote. Wakangoja rejeta ipoe, wakayamimina mle ndani. Naye hakubakiza hata funda la kulowesha koo.

Kisha akatazama jua, akasema, "Kaka, mimi niende. Maziwa hayangoji."

"Nenda, ndugu yangu. Umeniokoa."

"Ila nakuomba kitu kimoja. Ukiondoka, haya mawe utoe. Mimi nashuka njia hii hii nikiwa na maziwa, na mzigo ukishanisukuma, breki yangu ni hizi ndala." Akamwonyesha ndala zilivyolika kwa kusuguliwa kwenye tairi. "Kila siku kwenye kona hii nashuka natembea kwa miguu, kwa sababu ya mawe ya madereva."

Dereva akamshika mkono, akamwambia, "Leo shuka bila wasiwasi. Sitaacha hata kokoto."

Wakaagana. Mtu wa maziwa akakata kushoto, akapita kijia cha kwa wafugaji.

Gari lilipopoa, dereva akawasha. Akalipigisha kelele, akaachia klachi polepole, magurudumu yakaondoka kwenye mawe, na pikapu ikapanda. Akatazama kioo cha pembeni, akayaona mawe yako katikati ya njia. Sasa hapo asimame? Akisimama haondoki tena. Anayejua magari ananielewa. Hapo, wapendwa, mimi simlaumu.

Ila juu ya mlima kuna tambarare, na kutoka pale mpaka konani ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Na huyu mtu alisimama pale. Ndiyo, alisimama! Akashuka, akaangalia kama chuma cha karavani kimekaa sawa. Akachukua kitambaa, akafuta vumbi. Kisha akaitoa simu, akajipiga picha, yeye na pikapu na karavani na mlima kwa nyuma, akawatumia wale wa dizeli.

Muda wa picha ulikuwepo.

Akatazama kule chini. Jua lilikuwa kali, viatu vilikuwa vimeng'arishwa kwa ajili ya yule mama. Akajiambia, nitayatoa wakati wa kurudi. Na alikuwa anasema kweli! Wapendwa, hakuna hata siku moja mtu mwema amekaa akapanga kumvunja mwenzake mguu. Huwa tunapanga kuyatoa wakati wa kurudi.

Kambini alipokelewa kwa vigelegele. Wageni hawajafika, karavani imefika, safi, inang'aa. Mama mwenye kambi akampa mkono, akamwambia, "Umeniaibisha, mwanangu. Kazi zote ni zako." Akawekewa chai, akawekewa maandazi. Watu wakamzunguka, wakamwomba awasimulie alivyopanda. Akawasimulia. Alieleza gia, akaeleza joto, akaeleza alivyoishikilia breki. Katika simulizi ile mtu wa maziwa hakuwemo. Akaombwa arudie kwa waliochelewa, akarudia. Na katika ya pili hakuwemo.

Alipokumbuka mawe, kikombe kilikuwa mdomoni. Akakiweka chini, akaaga haraka.

Alikuta watu konani. Akina mama waliotoka shambani wamezunguka, majembe yako chini. Maziwa yalikuwa yametiririka njia nzima mpaka mtaroni. Baiskeli imejikunja. Na katikati yao amelala mtu wa maziwa, mguu wake umetazama upande ambao mguu hautazami.

Mnaona kilichotokea? Siku zote mtu yule alikuwa anashuka kwenye kona ile akitembea. Siku hiyo tu alipanda baiskeli na madumu yamejaa, akaiachia iende, kwa sababu alipewa neno. Mgeni asingeumia pale, angepita kwa kuogopa. Aliumia yule aliyeamini.

Akina mama walikuwa wanafoka. "Dereva gani huyu asiye na utu? Anaweka mawe kama ya kaburi halafu anaenda zake!" Mtu wetu akashuka kwenye gari. Akaenda moja kwa moja kwenye yale mawe, akayabeba moja moja, akayatupa ukingoni. Na wale mama wakamtazama, wakasema, "Ubarikiwe, baba. Watu kama wewe wamebaki wachache."

Naye akafungua kinywa. Alikuwa na nafasi, wapendwa. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mnajua alisema nini?

Alisema, "Kweli, mama. Madereva wengine hatuwaelewi."

Wakamlaza majeruhi nyuma ya pikapu kwenye majani, mama mmoja akapanda kumshika kichwa. Dereva akaendesha pole pole kuliko alivyowahi kuendesha. Kabla hawajafika hospitali akasimama kumtazama hali yake. Mtu wa maziwa akafumbua macho, akamtambua, akatabasamu.

"Kaka, kumbe ni wewe. Basi baada yako kuna mwingine alikwama pale pale."

Dereva akayasogeza majani chini ya ule mguu.

"Maana wewe uliniahidi. Lazima ni mwingine."

Na dereva akasema, "Lazima ni mwingine."

Mguu uliungwa, lakini haukurudi kuwa ule. Baiskeli hakuweza tena. Dereva aliendelea kuvuta karavani, jina lake likakua, wale wa dizeli wakaacha kucheka. Kila akipita kwenye kona ile alikuwa anaongeza sauti ya redio.

Siku moja akiwa nyumbani akasikia hodi. Alikuwa mwanamke mwembamba, amevaa khanga yake nzuri, ameshika kuku miguu imefungwa.

"Karibu, dada."

"Nimekaribia, shemeji. Mimi ni mke wa yule wa maziwa uliyempeleka hospitali. Mwenzangu amenituma. Amesema tumekaa muda mrefu mno bila kukushukuru."

"Anaendeleaje?"

"Anaendelea, tunashukuru Mungu. Anakaa tu. Maziwa siku hizi nabeba mimi, kichwani." Akamsogezea kuku. "Hatuna kikubwa. Ni huyu."

Dereva akarudi nyuma hatua. "Hapana, dada. Rudi naye, mkamchemshie mgonjwa supu."

Mgeni akacheka, akasema, "Alijua! Aliniambia, yule kaka ana moyo mzuri, atakataa, usikubali. Aliniambia, ni mtu wa neno lake yule, mshikishe mkononi."

Na mke wa dereva, anayesikia yote kutoka jikoni, akatoka amefurahi, anajifuta mikono. "Jamani, baba, shukrani ya mtu haikataliwi! Pokea, usimvunje moyo."

Akapokea. Kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa na mama zetu. Akasema, "Asanteni sana." Mgeni akaaga akaenda, na kuku akabaki pale uani, miguu imefungwa, anamtazama.

Mnangoja nimalizie, niwaambie kama alimwita yule mgeni arudi. Sijui. Wengine mnataka kuuliza kama yule kuku aliliwa. Na hilo mnaniuliza mimi?

Sisi tuliokaa hapa, nani amepanda mlima wake peke yake? Mwangalie aliyefika juu katikati yetu, yule mwenye kazi nzuri, mwenye suti. Kuna dada aliyeacha shule akabaki na mama mgonjwa ili kaka asome. Kaka akaahidi, nikifika nitarudi kukushika mkono. Alifika. Akasimama tambarare, akapiga picha. Leo dada anauza mboga, na kaka akipita na gari anapandisha kioo. Na akija na shukrani yake madhabahuni tunampigia makofi, tunamchezea mpaka mbele.

Na wewe uliyesema lile neno kisimani juu ya binti wa watu. Ulilisema ukapita, ulikuwa na haraka. Neno limebaki njiani. Uchumba ukavunjika, yule binti hatoki nyumbani. Siku ya kwenda kumpa pole ulikuwa wa kwanza kufika, ukabeba na sukari, na mama yake akakushika mikono akakwambia, ninyi ndio watu. Ukapokea.

Naona vichwa vimeinama. Na mimi hapa nimesimama juu kuliko wote, nikiitwa baba, nikipewa kuku kila nyumba ninayoingia. Nani amewahi kuniuliza kama ni wangu kwa haki?

Kuumbuliwa barabarani kunauma, lakini ni afadhali. Aliyeumbuliwa anatukanwa, analia, anasamehewa au hasamehewi, na maisha yanaendelea. Aibu ninayoisema leo ni ile ya kusifiwa na mtu uliyemvunja. Hiyo hailali. Ukila inakaa mezani, ukisali inapiga magoti kando yako. Na dawa yake siwezi kukupa mimi kwa kukuwekea mkono kichwani.

Kila Jumapili mnapanga foleni pale mlangoni, mnanipa mkono, mnaniambia, Mchungaji, leo umetugusa. Leo msije. Mkitoka hapa, wengine wenu msishike njia ya nyumbani. Yule mtu wa maziwa yupo, anakaa tu, na mpaka sasa anawatetea kwa watu. Nendeni kwake. Msianze kwa kueleza mlima ulivyokuwa mkali. Kaeni chini, mmtazame mguu wake, mmwambie: kaka, hakuwa mwingine. Nilikuwa mimi.