Pimbi na Kanuni ya Fungu la Uzeeni

Zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipokuwa na serikali yao, kila mtumishi wa Mfalme Simba alikatwa kibaba cha mtama kila mavuno. Hakunyang'anywa. Kibaba chake kilipelekwa kwenye ghala juu ya kilima, kikakaa huko kikimngoja. Siku nguvu zikimwishia, ataacha kazi, apewe fungu lake, ale uzee wake kwa heshima. Waliliita fungu la uzeeni, na lilikuwa jambo jema. Msidhani kila jambo la serikali huanza vibaya. Mengi huanza vizuri, kisha hukabidhiwa wenyewe.

Ghala lilikuwa na baraza lake la kutunga kanuni. Mwenyekiti alikuwa Kiboko, mzito wa mwili na mwepesi wa kusinzia. Katibu alikuwa Fisi, na huyo sina haja ya kuwaeleza.

Kanuni ilikuwa na njia yake ya kuzaliwa. Kwanza pembe hupigwa, puuu, watu wakusanyike. Kanuni hutangazwa, kisha huachwa ilale mpaka mwezi mwingine uandame, ili mwenye neno aseme neno lake. Mwezi ukiandama bila pingamizi, baraza hukanyaga ardhi kwa pamoja, tii, na kuanzia hapo hiyo ni kanuni, mkubwa na mdogo huifuata.

Basi ukaja mwaka wa mvua haba. Fisi akamwendea Kiboko bwawani.

"Mwenyekiti, wazee wanaongezeka na ghala linapungua."

"Tutapanda tena," akasema Kiboko, macho kayafumba.

"Na posho yetu ya vikao inatoka kwenye ghala hilo hilo."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Unasemaje, Katibu? Tuwanyime?"

"Hapana. Ukimnyima mtu atakwenda kumlalamikia Simba. Sisi tumwekee sharti tu. Tuseme hivi: fungu ni la yule asiyeweza tena kazi, na aape hivyo mbele ya ghala. Na alifuate mwenyewe, kwa miguu yake, juu ya kilima."

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda. "Lakini asiyeweza kazi atapandaje kilima?"

"Hatapanda," akasema Fisi.

"Na akipanda?"

"Basi bado anaweza kazi."

Kiboko akacheka hadi maji yakafurika ukingoni.

Pembe ikapigwa kama desturi inavyotaka, ila Fisi aliipigia katikati ya kinamasi, jua la utosi, watumishi wote wakiwa kazini. Waliokuwapo ni vyura. Fisi akaitangaza kanuni upesi upesi, mwishoni akatia kwamba aliyepanda kilima bado anaweza kazi, kisha akauliza, "Kuna mwenye pingamizi?"

"Kroo," wakasema vyura.

"Wameridhia," akasema Fisi. Mwezi ulipoandama baraza likakanyaga ardhi, tii, yakaisha.

Wa kwanza kuionja kanuni hiyo alikuwa Maksai, aliyekuwa akivuta magogo ya kujengea nyumba za mfalme. Alikuwa amezeeka hata akisimama anatetemeka. Akapanda kilima polepole, akipumzika kila penye kivuli, mpaka akafika mlangoni pa ghala. Mlinzi wa ghala alikuwa Nungunungu, mama mmoja asiyecheka wala kununa.

"Apa," akasema Nungunungu.

"Naapa siwezi tena kazi."

"Umefikaje hapa?"

"Nimepanda, mama, kwa miguu yangu."

"Kanuni inasema aliyepanda kilima bado anaweza kazi. Rudi."

"Mama, nitazame."

"Nakutazama. Mimi situngi kanuni, baba. Mimi naifuata."

Maksai akashuka. Kesho yake alirudi kwenye magogo, na alifia kwenye magogo, nira ikiwa bado shingoni. Mkewe aliletewa nira hiyo, hakuletewa mtama. Nawaambia wazi, hapa pananiuma kila ninaposimulia, lakini nikiparuka nitakuwa nimewadanganya.

Aliyemfuata alikuwa Bi Kihongwe, punda mbeba maji wa mfalme. Magoti yake yalikuwa yamevimba, na kiangazi kilikuwa mlangoni. Nyumbani hakuwa na akiba, maana akiba yake yote ilikuwa kule juu. Naye akapanda, akaapa, akaulizwa amefikaje, akarudishwa.

Alipofika kwake alianguka mbele ya majabali anakoishi jirani yake, Pimbi. Najua mlikuwa mnamngoja Sungura. Sungura hakuwa mtumishi wa serikali, hakukatwa kibaba hata siku moja, na habari hii haimhusu. Pimbi ndiye aliyekuwa mlinzi wa majabali ya mfalme. Mwili wake ni wa kubeba kwapani, lakini kichwa chake hakikupata kulala.

"Shangazi, umepata?" akauliza Pimbi.

"Nisipofika sipati, kwa kuwa sikufika," akasema Bi Kihongwe. "Nikifika sipati, kwa kuwa nimefika. Nieleze wewe mwenye akili, mwanangu. Mimi nimeshindwa."

Pimbi alimletea maji, akakaa karibu naye mpaka pumzi zikatulia. "Tukipinga?" akauliza.

"Mwezi wake umeshapita. Nimeambiwa nilikuwa na nafasi ya kusema nikanyamaza."

"Ulitangaziwa wapi?"

"Kinamasini, wanasema."

Pimbi akasema, "Kanuni iliyokwisha kukanyagiwa haipingiki, shangazi. Lakini huongezewa." Akaondoka, vru, akashuka bwawani.

Kiboko alikuwa ndani ya maji, Fisi ukingoni. Pimbi akainama hadi chini.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Shikamoo, Katibu. Nimekuja kuisifu kanuni yenu."

Fisi akamtazama kwa pembe ya jicho. "Sifa ya mdogo ina nini nyuma yake?"

"Ina kasoro moja, mkubwa wangu. Nasikia uchungu kuona kanuni nzuri hivi imewasahau walioitunga. Mbeba maji ana fungu, mvuta magogo ana fungu. Mwenyekiti, ambaye kichwa chake kinachoka kwa ajili yetu, hana. Je, hiyo ni haki?"

"Sisi hatukatwi kibaba," akasema Kiboko, kwa sauti ya mtu anayetaka abishiwe.

"Ndiyo sababu iongezwe kanuni. Kila amtumikiaye Simba, kuanzia mwenyekiti hadi mbeba maji, awe na fungu, kwa masharti yale yale. Na fungu lipimwe kwa ukubwa wa mwili au wa cheo, mwenyewe achague."

Kiboko akatoka majini hadi kifuani. "Kwa ukubwa wa mwili," akarudia.

"Au wa cheo," akasema Fisi, na mate yakamdondoka, to, to. Lakini Fisi si mjinga. "Masharti yale yale, umesema. Yaani na kuapa? Na kupanda?"

Pimbi akapunguza sauti. "Katibu, masharti ni ya wanyonge. Nani wa kumuuliza mwenye kanuni amefikaje? Mimi ningeshauri hata Mfalme mwenyewe aalikwe, aone mnavyokuwa wa kwanza kuifuata kanuni yenu. Atawasifu mbele za watu."

Fisi akamtazama Kiboko, Kiboko akamtazama Fisi. Kila mmoja aliona mtama machoni mwa mwenzake.

Safari hii pembe ilipigwa kisimani jioni, wakati watumishi wote wanateka maji, kwa kuwa wenyewe walitaka kusikika. Watumishi waliposikia wakubwa nao wana fungu, tena kwa ukubwa wa mwili, manung'uniko yakaanza, muu, muu, muu.

"Msipinge," Pimbi akawa anapita akisema. "Nawaomba, msipinge."

"Umenunuliwa kwa bei gani?" wakamuuliza. Nyumbu akamtemea mate miguuni. Pimbi akajifuta, akaendelea kuwaomba. Walinyamaza, si kwa kumwamini bali kwa kukata tamaa.

Bi Kihongwe ndiye aliyemwumiza zaidi, kwa sababu hakumtukana. Alimuuliza taratibu tu, "Mwanangu, umevuka upande wao?"

"Sijavuka, shangazi. Namtegemea Nungunungu."

"Yule asiye na huruma?"

"Huyo huyo. Asiye na huruma kwako, huenda hana upendeleo kwa mtu."

"Na akiwapa?"

"Akiwapa, ghala litakwisha, na mimi ndiye nitakayekuwa nimelimaliza. Sitakuwa na uso wa kukutazama."

Bi Kihongwe akamlazia kichwa chake kikubwa begani, akamwelemea kidogo. "Haya," akasema. "Tusubiri."

Mwezi ukaandama. Baraza likakanyaga ardhi, tii, nyongeza ikawa kanuni. Kesho yake asubuhi Simba akapanda kilimani na watu wake, akakaa mbele ya ghala. Watumishi wakajipanga kando. Hata Bi Kihongwe alikuja; alipandishwa na jamaa zake wakimsukuma kwa nyuma.

Kiboko akapanda, hehe, hehe, hehe, jasho linamtiririka. Fisi akapanda nyuma yake na magunia matupu begani.

Nungunungu alisimama mlangoni kama siku zote. "Apa," akamwambia Kiboko.

"Mimi ni mwenyekiti," akasema Kiboko.

"Ndiyo. Apa."

Kiboko akamtazama Simba, akaona hakuna ubaya katika maneno mawili matatu. "Naapa siwezi tena kazi."

"Nawe, Katibu."

"Naapa siwezi tena kazi," akasema Fisi harakaharaka, huku anakunjua gunia.

Pimbi alikuwa juu ya jiwe, kucha zikikwaruza jiwe kwa woga. Bi Kihongwe alifumba macho.

"Umefikaje hapa?" akauliza Nungunungu.

Kiboko akadhani hakusikia vizuri. "Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, Mwenyekiti. Umefikaje hapa?"

"Umeniona nikipanda!"

"Nimekuona. Kwa miguu yako. Kanuni inasema aliyepanda kilima bado anaweza kazi. Huna fungu. Katibu naye hana. Rudini."

Watumishi hawakushangilia. Walikuwa wanamtazama Nungunungu, na wengine kwa mara ya kwanza hawakumchukia.

Fisi akaona aokoe alichoweza kuokoa. Akakunja gunia, akacheka kicheko kile chake. "Hakuna neno. Ni vizuri kwamba kanuni inafanya kazi. Mwenyekiti, twende zetu barazani."

Hapo Pimbi akashuka jiweni. "Mtukufu Mfalme, niruhusu niulize. Wanakwenda barazani kufanya nini? Wameapa mbele yako kwamba hawawezi tena kazi."

Simba akageuza kichwa polepole. "Kweli, nimesikia."

"Yale ni maneno ya kanuni tu, Mtukufu," akasema Kiboko. "Kila anayekuja husema."

"Maksai naye alisema," likaja jibu. Si Simba aliyesema, ni Bi Kihongwe. "Alipoyasema yeye yalikuwa kweli. Alikufa nayo."

Simba hakuwa mfalme mbaya, wanangu. Alikuwa mfalme asiyeuliza, na hilo nalo lina wafu wake. "Maksai amekufa?" akauliza.

"Kwenye magogo ya nyumba yako, Mtukufu," akasema Bi Kihongwe.

Simba akainamisha kichwa. Alipokiinua akawaambia Kiboko na Fisi, "Mmeapa hamuwezi kazi, nimeamini kiapo chenu. Viti vyenu viko wazi tangu sasa. Na fungu hamna, kwa kanuni yenu wenyewe. Nendeni."

Wakashuka. Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda, hasa kwa Kiboko. Hakuna aliyewazomea.

Jioni ile pembe ikapigwa kisimani. Simba mwenyewe akauliza kanuni mpya iweje. Watumishi wakatazamana, hawajazoea kuulizwa. Wakamsukuma Bi Kihongwe mbele.

"Mimi si msemaji," akasema. "Ila naona mzee asikifuate chakula chake. Chakula kimfuate mzee."

Ikatangazwa, ikalala mwezi wake, mwezi ukaandama, ardhi ikakanyagwa, tii. Hata Nungunungu alisikia, akaitikia kwa kichwa, kisha akaenda kufungua ghala, kwa kuwa sasa hiyo ndiyo kanuni.

Mtama ukaanza kushuka kilimani. Gunia la kwanza Bi Kihongwe alikataa kulipokea. Akasema lipelekwe kwanza kwa mjane wa Maksai, na Pimbi akafuatana na wachukuzi. Mama yule akafungua gunia, akatia mkono, akauacha mtama upite vidoleni. Kisha akauliza kama ni wa vibaba vya mumewe mwenyewe au ni wa msaada. Pimbi akamwambia ni wa mumewe, wote, tangu ujana wake. Ndipo mama akakaa chini akalia.

Anayemwekea mwenzake sharti, kwanza akipande yeye kilima chake.